Kabla ya Kuuliza Asilimia, Itazame Bodi

Swali linaloulizwa kuliko yote kuhusu shirika la hisani ni hili: katika kila mia ninayotoa, ngapi inamfikia mwenye shida? Ni swali la haki, na wengi wanaoliuliza wana uchungu na fedha yao na wana uchungu na watu wanaokusudiwa kusaidiwa. Lakini ndilo swali jepesi kuliko yote kujibiwa kwa ujanja. Anayetaka kujua kama shirika linaaminika aanzie kwingine. Awatazame kwanza watu wanaokaa juu ya mkurugenzi, aone kama wapo kweli, na kama wana ubavu wa kumwambia hapana.

Tuanze na asilimia yenyewe, maana ndiyo inayopamba vipeperushi. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya karibu dola milioni 500. Viongozi wake walitamka hadharani kwamba senti 91 za kila dola zinakwenda Haiti. Juni 2015 waandishi wa ProPublica na NPR, vyombo vya habari vya Marekani, walichapisha uchunguzi wao: nyumba za kudumu zilizokuwa zimejengwa na shirika hilo zilikuwa sita. Shirika lilijitetea kwamba limewapatia makazi watu 130,000, ila ndani ya idadi hiyo walikuwemo waliosaidiwa kodi ya muda, waliopewa vibanda vya miaka michache, na hata waliohudhuria mafunzo ya kukarabati nyumba zao wenyewe.

Senti 91 zilipatikanaje? Sehemu kubwa ya fedha ilipelekwa kwa mashirika mengine yafanye kazi, nayo kila moja likakata gharama zake kabla ya kugusa tofali. Makato hayo ya pili hayakuwemo kwenye senti tisa zilizotangazwa. Seneta Charles Grassley alipofuatilia na kutoa ripoti yake Juni 2016, alikuta kwamba takriban robo ya michango, karibu dola milioni 125, ilibaki kwenye matumizi ya ndani ya shirika lenyewe: uchangishaji, uendeshaji, akiba ya dharura, na kifungu kimoja kipana cha gharama za miradi ambacho hakikufafanuliwa vya kutosha.

Hapo tunazungumzia shirika kubwa lenye kazi halisi. Kuna waliokwenda mbali zaidi. Mei 2015 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, pamoja na mamlaka za majimbo yote 50, iliyashtaki mashirika manne yaliyodai kuwasaidia wagonjwa wa saratani, likiwemo Cancer Fund of America. Yaliongozwa na watu wa familia moja na jamaa zao. Kati ya 2008 na 2012 yalikuwa yamekusanya zaidi ya dola milioni 187, na fedha hizo, kwa mujibu wa mashtaka, zililipia magari, safari za meli za kitalii, karo za vyuo na ada za kumbi za mazoezi. Mashirika yote manne yalivunjwa. Lakini mchezo uliofanyika vitabuni ndio unaostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu unaweza kuchezwa na yeyote.

Chukua shirika la kufikirika. Limekusanya fedha taslimu 100. Limewalipa mawakala wa uchangishaji na watumishi wake 85, na 15 ndizo zimefika kwa wagonjwa. Hiyo ni asilimia 15, na hakuna mfadhili atakayerudi akiiona. Sasa shirika hilo hilo linakubali jina lake lipite kwenye makaratasi ya shehena ya dawa na vifaa ambavyo mwingine ametoa, mwingine amesafirisha, na mwingine atagawa katika nchi ya mbali. Shehena inathaminiwa 300. Kwenye vitabu mapato yanakuwa 400 na matumizi ya huduma yanakuwa 315. Asilimia imeruka kutoka 15 hadi karibu 79, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeongezewa chochote. Katika kesi ya yale mashirika manne, misaada ya vitu iliyoandikwa kwa namna hiyo ilizidi dola milioni 223, na tume ilisema mashirika yenyewe yalikuwa kipitishio tu.

Kinga ipo na haihitaji uhasibu mwingi. Nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha taslimu, ile ambayo wengi huiruka. Dawa za kwenye karatasi hazionekani huko. Kinachoonekana ni fedha iliyoingia na fedha iliyotoka, na ukikuta fedha taslimu ni kidogo mno ukilinganisha na mapato yaliyotangazwa, uliza thamani ya vitu ilikadiriwa na nani na kwa bei ya soko gani. Kuna ujanja mwingine mdogo zaidi: barua za kuomba michango zinawekewa ushauri wa afya aya mbili, kisha sehemu ya gharama za kuzichapa na kuzituma inahamishiwa kwenye kifungu cha elimu kwa umma. Kanuni za uhasibu zinaruhusu mgawanyo huo kwa masharti. Ukikuta elimu kwa umma ndiyo huduma kubwa kuliko zote kwa shirika linalodai kutibu watu, una sababu ya kuuliza.

Asilimia ina madhara mengine, na haya yananiuma zaidi kwa sababu yanawapata waaminifu. Shirika linalojua litapimwa kwa udogo wa gharama za uendeshaji huacha kuajiri mhasibu aliyesomea, huahirisha ukaguzi, hutumia kompyuta moja kwa malipo yote, na mtu mmoja ndiye anayeidhinisha, anayelipa na anayeandika vitabu. Kwa kipimo cha asilimia shirika hilo linang'aa, ilhali limejengewa mazingira ya kuibiwa. Mwaka 2013 wakuu wa taasisi tatu za Marekani zilizokuwa zikichunguza mashirika ya hisani, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, waliwaandikia wafadhili barua ya wazi kuwasihi waache kuichukulia asilimia ya gharama za uendeshaji kama kipimo pekee. Charity Navigator yenyewe ilikuwa miongoni mwa walioueneza mtindo huo, hivyo barua ile ilihitaji ujasiri.

Sasa bodi.

Central Asia Institute lilikuwa shirika lenye makao Montana, likijenga shule Pakistan na Afghanistan, na mwanzilishi wake, Greg Mortenson, alijulikana dunia nzima. Aprili 2012 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo alitoa ripoti ya uchunguzi. Shirika lilikuwa likinunua kwa wingi vitabu vya mwanzilishi na kuvigawa, huku yeye akipokea mrabaha, yaani fungu lake kama mwandishi. Lilikuwa likimgharamia safari za kwenda kutoa mihadhara ambayo waandaaji walimlipa yeye. Na matumizi yake mengine binafsi yalipita kwenye hesabu za shirika. Alikubali kurudisha zaidi ya dola milioni 1. Ripoti haikusema lengo la shirika lilikuwa baya. Ilichoonyesha ni kwamba bodi ilikuwa ya watu watatu, yeye akiwa mmoja wao, na wengine wawili walikuwa watu wake wa karibu. Katika chumba cha namna hiyo nani angeuliza mrabaha unakwenda wapi?

Usidhani dawa ni kujaza majina makubwa. William Aramony aliiongoza United Way of America, shirika kubwa la hisani, kuanzia 1970 hadi 1992, na bodi yake ilisheheni wakuu wa makampuni makubwa ya Marekani, watu ambao kwenye makampuni yao wasingepitisha hundi bila kiambatisho. Mwaka 1995 alihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa ulaghai. Wakubwa wale walikuja kwenye vikao wakiwa na haraka, wakaamini kwamba mtu aliyefanya mema kwa miaka mingi hahitaji kuulizwa risiti. Mjumbe mashuhuri asiye na muda ana hatari yake mwenyewe, kwa sababu jina lake linawatuliza wafadhili ambao vinginevyo wangeuliza maswali.

Mfano unaonifundisha kuliko yote, hata hivyo, hauna mwizi ndani yake. Kids Company, shirika la London lililohudumia watoto na vijana walio katika mazingira magumu, lilianzishwa na Camila Batmanghelidjh mwaka 1996 na likafungwa tarehe 5 Agosti 2015, siku chache tu baada ya kupokea pauni milioni 3 za serikali. Mwenyekiti wa bodi, Alan Yentob, alikuwa kwenye kiti hicho tangu 2003. Kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza anguko hilo iliripoti Februari 2016 kwamba wadhamini, yaani wajumbe wa bodi, walipuuza mara kwa mara maonyo ya wazi ya wakaguzi kuhusu hali tete ya fedha. Miaka mitano baadaye Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwafungia wadhamini na mwanzilishi wasiongoze makampuni, na jaji hakuwaona kuwa watu wasio waaminifu. Kisha mwaka 2022 Tume ya Mashirika ya Hisani ikaeleza kwamba kulikuwa na uendeshaji mbaya, hasa kushindwa tena na tena kuwalipa kwa wakati wadai, wafanyakazi na mamlaka ya kodi.

Weka maamuzi hayo matatu mezani pamoja. Watu waaminifu, wenye huruma ya kweli, wakiwa na fedha nyingi za umma, waliliacha shirika likikua kila mwaka bila akiba, na siku wafadhili walipojiondoa hapakuwa na mto wa kulalia. Watoto waliokuwa wakifika pale kula na kusikilizwa walikuta mlango umefungwa. Wanaodhani utawala ni suala la kuwakamata wezi wanakosa jambo hili kabisa. Kazi ya bodi ni pamoja na kumzuia mtu mwema, siku anapotaka kuongeza huduma ambazo hakuna fedha ya kuzilipia mwezi wa tatu kutoka sasa.

Utaitambuaje bodi inayofanya kazi hiyo ukiwa nje? Tazama mihula: wajumbe wana ukomo, au mwenyekiti ni yule yule tangu shirika lilipozaliwa? Tazama majina ya ukoo na kampuni wanazotoka. Tazama kama mkurugenzi mtendaji ndiye pia mwenyekiti, kwani hapo anajisimamia mwenyewe. Uliza mshahara wake unapangwa na nani na kama yeye hutoka chumbani unapojadiliwa. Uliza kama mkaguzi wa nje hukutana na wajumbe angalau mara moja kwa mwaka bila mkurugenzi kuwepo. Mashirika mengi yana kikao hicho kwenye kanuni na hayajawahi kukiitisha. Na swali ninalolithamini kuliko yote hayo: lini bodi ilikataa au kurudisha pendekezo la mkurugenzi, na likaandikwa kwenye muhtasari? Bodi ambayo kwa miaka mitano imeridhia kila kitu imekuwa muhuri.

Baada ya bodi ndipo hesabu, na kwenye hesabu mambo yako nyuma, kwenye maelezo yanayoambatana nazo kwa herufi ndogo.

La kwanza kulitafuta ni fedha zenye masharti, yaani zile zilizotolewa kwa kazi maalumu na haziruhusiwi kugusa kingine. Tuseme mizania, yaani orodha ya mali na madeni, inaonyesha fedha zilizopo benki ni milioni 40. Ukurasa wa pili, kwenye mifuko, salio la fedha zenye masharti ni milioni 65. Hakuna vitega uchumi, hakuna mali iliyonunuliwa kwa fedha hizo, na hakuna mfadhili anayedaiwa ahadi yake. Basi milioni 25 zilizotolewa kwa visima, madarasa au dawa hazipo tena. Zimelipa mishahara, pango au deni la zamani. Mara nyingi hakuna aliyeziiba. Mwisho wa mwezi ulifika, mfadhili mmoja akachelewa, mtu akasema tukope hapa tutarudisha, na mwezi uliofuata wakakopa tena. Wewe uliyetoa kwa ajili ya kisima umelipa mshahara bila kuulizwa, na wasiposhtuka mapema kisima hakitachimbwa. Kulinganisha namba hizo mbili huchukua dakika chache, na sijui kipimo kingine kinachofichua mengi kiasi hicho kwa juhudi ndogo kama hiyo.

La pili ni miamala na watu wenye uhusiano na viongozi. Nyumba ya ofisi ni ya nani? Kampuni ya usafiri, ya uchapaji, ya ushauri, ni za nani? Muamala wa namna hiyo si dhambi kwa wenyewe. Mjumbe anaweza kulipangisha shirika jengo lake chini ya bei ya soko. Linalotakiwa ni utajwe, bei yake ielezwe, na ionekane kwamba mhusika hakupiga kura. Shirika lenye wajumbe ndugu watatu ambalo maelezo yake yanasema hakuna muamala wowote wa aina hiyo linahitaji swali la pili.

La tatu ni hati ya mkaguzi, na hapa kuna kutoelewana kukubwa. Hati safi inasema hesabu zinaonyesha hali halisi kwa kiwango kinachoridhisha. Haisemi fedha zilitumika kwa busara, wala kwamba kazi ilifanyika. Isome yote hadi mwisho, maana mkaguzi anaweza kutoa hati safi na papo hapo akaweka aya inayotilia shaka uwezo wa shirika kuendelea kuwepo miezi 12 ijayo. Aya hiyo ni kengele. Na hesabu zinazochelewa mwaka hadi mwaka ni kengele kubwa zaidi, hata bila aya yoyote.

Sheria husaidia, kwa mipaka yake. Marekani, mashirika mengi ya hisani hujaza kila mwaka fomu 990, ambayo yeyote anaweza kuiomba na kuisoma, ikiwa na malipo ya viongozi na sehemu maalumu ya miamala na watu wao. Makanisa yamesamehewa kuijaza. Uingereza na Wales, shirika lina miezi 10 baada ya mwaka wake wa fedha kuwasilisha taarifa, na likichelewa, rejista ya Tume ya Mashirika ya Hisani huonyesha wazi kwa kila anayepita. Lakini hiyo fomu 990 inauliza kama shirika lina sera ya mgongano wa maslahi na ya kuwalinda wanaofichua maovu, huku sheria ya kodi yenyewe haililazimishi kuwa nazo. Kuweka alama ya ndiyo ni rahisi.

Kuna uwajibikaji ambao hesabu zote hizi haziugusi. Februari 2018 gazeti la The Times liliandika kwamba baadhi ya wafanyakazi wa Oxfam, shirika la misaada la Uingereza, waliopelekwa Haiti baada ya lile tetemeko walikuwa wakilipia ngono, na kwamba shirika lilijua tangu 2011, likawaachisha baadhi na kumruhusu mkuu wao wa pale ajiuzulu. Mwaka ule ule wa 2011 lilikuwa limeipa taarifa Tume ya Mashirika ya Hisani, lakini taarifa isiyo kamili. Ripoti ya Tume ya Juni 2019 ililitolea shirika onyo rasmi na kusema halikufuatilia ipasavyo madai kwamba miongoni mwa waliodhulumiwa walikuwamo wasichana wenye umri mdogo. Mficha uchi hazai: kilichokusudiwa kulinda jina kiliwafukuza maelfu ya wachangiaji miaka saba baadaye. Hilo hata si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni kwamba waliotendewa walikuwa watu ambao shirika lilikwenda kuwahudumia, na wao hawakuwa na mahali pa kusemea.

Kwa hiyo namwomba kila mfadhili aulize: anayepokea msaada akionewa na mgawaji, anamwambia nani, kwa lugha gani, na ujumbe huo unamfika mjumbe gani wa bodi bila kupitia mikononi mwa mtuhumiwa? Shirika linalohudumia maelfu na kuripoti malalamiko sufuri kila mwaka linanitia wasiwasi kuliko lile linaloandika malalamiko 60 na hatua zilizochukuliwa kwa kila moja. Sufuri ile mara nyingi maana yake ni kwamba njia ya kulalamika haipo, au ipo na watu wanaiogopa.

Haya yote tuyadai kwa kadiri ya ukubwa wa shirika. Kikundi cha watu wachache kinachosomesha yatima 20 hakiwezi kuajiri kampuni ya ukaguzi, na kukidai hivyo ni kukiua. Kinaweza kuwa na saini mbili za watu wasio ndugu kwenye kila malipo, na taarifa ya benki ikafunguliwa kila mwezi na mtu asiye na saini. Kinaweza kuwa na ukurasa mmoja wa mapato na matumizi uliosomwa mbele ya wanachama. Hakuna shirika dogo mno kwa hayo, na linalosema limeshindwa halijajaribu.

Ukitaka kuanza, andika barua fupi. Omba hesabu za miaka mitatu pamoja na maelezo yake yote, orodha ya wajumbe na mwaka ambao kila mmoja aliingia, na mfano wa jambo ambalo bodi ililikataa. Toa wiki tatu. Shirika linaloendeshwa vizuri hujibu kwa mafaili, wakati mwingine likiwa na maelezo ya mahali lilipokosea mwaka jana, na jibu la namna hiyo lipokee kwa heshima kwa sababu aliyeliandika amejianika. Likija jibu la brosha yenye picha za watoto wanaotabasamu, andika tena uombe hesabu. Likija brosha mara ya pili, simamisha mchango, na uwaandikie wadhamini, kila mmoja kwa jina lake, uwaeleze umeusimamisha kwa nini na utaurudisha siku gani.